Sanda ya Mize

Nguo ya maskini haitazamwi, hupapaswa.

Neno hilo Bi Tima aliwatupia wasichana wanne waliokuwa wakishona kofia uani kwake. Salha, binti wa mchota maji, alikuwa amepita kichochoroni akiwa na gauni jipya la maua, na wasichana wakaanza.

"Kalipata wapi lile?" aliuliza Maimuna.

"Na babake hata ndoo anaazima," akajibu mwenzake, wakacheka wote kwa pua.

Bi Tima hakucheka. Alichomoa sindano aliyokuwa ameibana midomoni, akasema neno lake, akarudi kwenye kofia.

"Hupapaswa vipi, bibi?" Maimuna akauliza. "Nguo si ya kutazamwa?"

"Shoneni, mikono isilale, nami nitawaeleza. Methali hii hakuitunga mtu aliyekaa kitako akafikiri. Ilitoka jaani, kwa watu wasio na mlango, na chanzo chake ni hiki."

Zamani, nguo ya marekani ilipokuwa haijaingia nchi hii, nguo zilifumwa papa hapa pwani. Palikuwa na mji wa mawe ukiitwa Mwambakuu, umezungushiwa ukuta, na ndani ya ukuta huo nyumba za wafumaji zilianza kugonga tangu alfajiri, hata mgeni akifika alidhani mji mzima unatwanga. Mji ulikuwa na mali, na wenye mali waliipenda nguo nyeupe. Mtu aliheshimiwa kwa weupe wa kanzu yake kabla hajafungua kinywa.

Nje ya ukuta, upande wa lango la kaskazini, palikuwa na jaa la mji. Hapo waliishi watu wengine. Baadhi walikuwa wametoka bara mwaka wa njaa. Baadhi miji yao ilikuwa imechomwa vitani. Wengine walikuwa wametumika katika nyumba za watu hata wakazeeka, kisha wakaambiwa nyumba imejaa. Wenyeji waliwaita watu wa jaani. Asubuhi lango likifunguliwa waliingia mjini, huyu akatwange, huyu akachukue mizigo, huyu akae penye ngazi za msikiti anyooshe mkono. Jua likitua ilikuwa lazima wawe nje. Na sheria yao ilikuwa moja, fupi: mtu wa jaani akishikwa na mali isiyo yake, hupakwa masizi usoni, hufukuzwa, na hata akifa chini ya ukuta, makaburi ya mji hayamtaki.

Miongoni mwao alikuwako mwanamke jina lake Mize. Alikuja Mwambakuu akiwa amembeba dada yake mgongoni, kwa sababu dada alikuwa hawezi tena kutembea kwa njaa. Walifika langoni siku ya Ijumaa, na Jumamosi dada akafa. Watu wema walimzika, lakini nguo haikupatikana. Walimviringisha katika jamvi kuukuu lililotupwa, na jamvi lilikuwa fupi. Nyayo zikabaki nje. Mize alichuma majani ya mgomba akazifunika nyayo za dada yake, lakini upepo ulikuwa mwingi siku ile, na kila alipoyaweka majani yalipeperuka. Alichoka kuyakimbilia. Mchanga ukatiwa hivyo hivyo.

Tangu siku hiyo Mize akawa na haja moja duniani. Hakuomba nyumba wala mume. Alitaka akifa afunikwe mpaka nyayo, kwa nguo iliyo yake.

Lakini nguo inunuliwe na nini? Mize alikuwa akifagia karakana ya Fundi Shekuwe, mfumaji mwenye vitanda sita vya kufumia. Ujira wake ulikuwa sahani ya wali wa jana na maji. Hata hivyo, wafumaji wa Mwambakuu walikuwa na desturi yao, nayo ilisema kwamba kinachoanguka sakafuni ni cha mfagiaji. Mfumaji akikata nguo kitandani, ncha za nyuzi hubaki, nyingine urefu wa kidole, nyingine urefu wa kiganja, nazo huanguka chini. Wafagiaji wote waliziunguza pamoja na takataka, maana nani ana haja na uzi wa kidole kimoja?

Mize hakuziunguza. Alizikusanya katika upindo wa nguo yake, na kila jioni, akiwa ameketi nje ya ukuta, alichukua ncha moja akaifunga na nyingine, fundo dogo kama kichwa cha sisimizi, akaifunga na nyingine tena. Uzi aliuviringisha kwenye kijiti. Kijiti kilikonda mwaka wa kwanza, kikanenepa mwaka wa pili.

Jirani yake pale jaani alikuwa Kombo, mzee asiye na jino hata moja, mcheshi asiyejua kunyamaza.

"Mize," alimwambia siku moja, "wewe unamvisha maiti hali aliye hai yuko uchi. Tazama mgongo wako ulivyo wazi. Mbuzi angekuonea haya."

"Mgongo huu umezoea, Kombo."

"Basi nifungie na mimi uzi mmoja."

"Wa kufanyia nini?"

"Wa kufungia jino, likiota."

Mize alicheka hata akapoteza ncha aliyoishika, ikabidi aitafute mchangani.

Mwaka wa saba vijiti vilikuwa vimejaa mtungi mzima. Mize alivipeleka kwa Fundi Shekuwe, akapiga magoti.

"Fundi wangu, nifumie."

Fundi alivuta uzi, akauona ulivyo, akashika kichwa. "Mize mama, huu si uzi, huu ni tasbihi! Kila nikivuta utakwama kwenye meno ya kitana cha kufumia."

"Ukikwama nitaukwamua mimi."

Fundi Shekuwe alikuwa mtu mwema, ila mwoga. Vitanda vyake vitatu vilikuwa mali ya Mwana Zena, mke wa tajiri mkubwa wa mji, naye hakupenda vitumike kwa kazi ya mwingine. Basi Fundi alifuma siku za Ijumaa, watu wakiwa wamekwenda kupumzika, na Mize alikaa chini ya kitanda akilikwamua kila fundo kwa ukucha. Ijumaa kumi na tisa zilipita. Nguo ilipokatwa, Mize aliifua kwa maji ya mvua, akaianika jua kali, ikatoka nyeupe kama ganda la yai. Akaichana kwa mkono vipande vitano, kama ilivyo sanda ya mwanamke, akaitia mtungini pamoja na chembe ya kafuri, akafunika. Hakuna aliyeiona isipokuwa Fundi na Kombo.

Sasa ikaja masika ya mwaka ule. Mvua ilinyesha siku nne mfululizo, ukuta ukavuja matope, na jiwe likaporomoka likaupasua mtungi wa Mize. Siku ya tano jua lilipotoka, alikuta sanda imelowa na imeanza kunuka ukungu. Hakuwa na la kufanya ila kuianika. Aliitandaza juu ya miiba ya ua wa mbuzi, akaketi kando yake kama anayelinda mtoto.

Mwana Zena alikuwa juu ya dari ya nyumba yake siku hiyohiyo, na moyo wake haukuwa mahali pake. Alikuwa anamwoza binti, na jora moja la nguo nyeupe alilomwekea bibi arusi lilikuwa limepotea. Wajakazi walikuwa wamepekua nyumba siku mbili. Akatazama ng'ambo ya ukuta, akaona weupe umetandazwa juu ya miiba, jaani, kwa watu wa jaani.

"Jora langu!" akapiga kelele. "Jora langu lile, jamani! Wameshalichana!"

Walinzi wa lango walimchukua Mize na sanda yake kabla hajaweza kusimama vizuri. Mmoja alikuwa tayari ameshika chungu cheusi, anakwangua masizi. Kombo aliwafuata nyuma akichechemea na kupayuka, "Ni yake! Ni yake, mimi nimeiona ikizaliwa!" Walinzi wakamwambia, "Nyamaza, kibogoyo, au tutakupaka wewe kwanza."

Kesi ilisikilizwa barazani kwa Kadhi baada ya sala ya alasiri. Mji ulijaa. Mwana Zena alikuja ndani ya shiraa, ile hema ya nguo ambayo wajakazi waliishika kwa fito nne ili bibi mtukufu apite njiani asionekane. Sauti yake ilitoka ndani.

"Bwana Kadhi, majora yangu yalikuwa mawili, pacha. Moja ninalo, hili hapa. La pili ni hilo mlilomkuta nalo mwizi."

Jora likawekwa juu ya mkeka. Kando yake vikawekwa vile vipande vitano. Watu wakanyoosha shingo. Nyeupe na nyeupe.

"Ni moja!" watu wakasema. "Hata kipofu anaona."

Kadhi alitazama akiwa ameketi pale pale. Hakuigusa. Mjini waliamini kwamba nguo ya mtu wa jaani ina upele na maradhi, na hata mlinzi aliyeileta alikuwa ameibeba kwa fimbo.

"Mwanamke," Kadhi akasema, "nguo hii umeitoa wapi?"

"Nimefumiwa, Bwana Kadhi." Sauti ya Mize ilikuwa ndogo, hata waliokuwa mbele waliinama waisikie.

"Na nani?"

Mize alimtazama Fundi Shekuwe, aliyekuwa amesimama miongoni mwa wafumaji. Kadhi naye akamtazama.

"Fundi, unaijua nguo hii?"

Fundi alitazama vidole vya miguu yake. Kisha akaitazama shiraa. "Nguo nyeupe ni nyingi, Bwana Kadhi," akasema.

Watu wakaguna. Kombo akatema mate chini. Masizi Mize aliyaweza, maana uso huoshwa. Kufukuzwa aliwahi kufukuzwa. Lakini aliiona ile sanda pale mkekani, akajua kwamba ikichukuliwa hana miaka saba mingine mwilini mwake, na kwamba atalala kama dada yake, nyayo nje, tena mbali, mahali asipojulikana hata jina.

Kadhi alikuwa ameshafungua kinywa kutoa hukumu. Mize, ambaye kwa miaka yote aliyokaa Mwambakuu hakuwahi kusema mbele ya watu ila "Nisaidieni kwa ajili ya Mungu", akanyanyuka.

"Bwana Kadhi, usiitazame."

"Unasemaje?"

"Nguo yangu usiitazame. Kwa macho zinafanana. Ipapase."

Mlinzi mmoja akacheka, "Bwana Kadhi ashike upele wako?"

"Nimeiosha kwa maji ya mvua," Mize akasema. "Mkono wa Bwana Kadhi hautachafuka. Na ukichafuka, nipakeni masizi mara mbili."

Kadhi akakunja mkono wa joho lake, akainama, akaweka kiganja juu ya jora la Mwana Zena. Kiganja kikateleza kama juu ya maji. Akakihamishia kwenye kipande cha Mize. Kikasimama. Akakisogeza polepole, kikasimama tena, kikasimama tena. Akafumba macho. Akapitisha vidole kutoka pindo hadi pindo, na midomo yake ikawa inacheza kama mtu anayehesabu, kisha akaacha kuhesabu.

"Hizi ni nini?" akauliza, na sauti yake haikuwa ile ya mwanzo.

"Ni mafundo, Bwana Kadhi. Ni nyuzi za sakafuni. Desturi inasema ni za mfagiaji. Niliziunga miaka saba. Kila siku niliyofagia ina mafundo yake hapo. Ni sanda yangu. Mwizi gani anaiba jora la arusi alifunge mafundo hivi?"

Hapo Fundi Shekuwe akatoka mbele, uso umelowa jasho. "Ni mimi niliyeifuma, Bwana Kadhi. Ijumaa kumi na tisa. Kwenye kitanda cha Mwana Zena."

"Na ulimi wako ulikuwa wapi nilipokuuliza?"

"Ulikuwa na njaa ya kesho, Bwana Kadhi."

"Na huyu ana njaa ya tangu jana, naye kasema." Kadhi akamgeukia mlinzi. "Weka chungu hicho chini." Kisha akawageukia watu. "Mmesema hata kipofu anaona. Kweli. Kipofu angeona, maana angepapasa. Sisi wenye macho ndio tuliotaka kumpaka mtu masizi."

Wakati huo shiraa ilisogea. Wajakazi waliipeleka mpaka kwenye mkeka, pazia likafunguka kidogo, na mkono ukatoka, mkono wenye hina na bangili, ukashuka juu ya sanda. Watu waliona vidole vikipita, vikikwama, vikipita. Mkono ulikaa pale muda mrefu kuliko ulivyokaa wa Kadhi.

Siku ya pili yake jora lilionekana. Shangazi wa bibi arusi alikuwa amelifungia katika sanduku lake mwenyewe ili panya wasilitoboe, akasahau. Mwana Zena hakutuma mjakazi. Alikwenda mwenyewe mpaka jaani, akaiacha shiraa langoni, akasimama mbele ya Mize kwa buibui tu, miguu ndani ya matope.

"Nimekukosea, Mize. Chukua jora hili. Uzikwe kwa nguo laini."

Kombo alimkonyeza Mize akatae, maana alidhani heshima ni kukataa. Mize akanyoosha mikono miwili, akapokea.

"Ahsante, Mwana. Mimi nina yangu, lakini hapa tuko watu kumi na mmoja. Wengine hawana." Akamgeukia Kombo. "Haya, mzee, uzi wa kufungia jino umefika."

Kombo alivuta pindo la jora akajifutia macho, Mize akampiga kofi la mkono, "Utalichafua!"

Ndipo wafumaji wa Mwambakuu wakaanza kusema. Mtu akimwona maskini ana kitu kizuri na akaanza kunong'ona, mwenzake alimwambia: nguo ya maskini haitazamwi, hupapaswa. Neno likatoka karakana likaingia majikoni, likatoka majikoni likapanda majahazi, likafika mpaka kwetu.

Mize aliishi miaka sita baadaye. Alipokufa, mji ulifungua lango usiku huo akaingizwa ndani, akaoshwa na mwosha wa mji, bibi mzee aliyewaosha matajiri na mafukara kwa maji yale yale. Walipomvisha sanda, ilimfunika mpaka nyayo, ikabaki shibiri moja.

Msichana aliyekuwa akimsaidia mwosha alishika nguo, akasita. "Bibi, maiti akiwekwa kaburini vifundo vya sanda hufunguliwa. Sasa, hivi vyote vilivyo ndani ya nguo, atavifungua nani?"

Mwosha alipitisha kiganja juu ya kifua cha Mize, mara moja, taratibu.

"Vile vya kichwani na miguuni vitafunguliwa na wazikaji," akasema. "Hivi vyake atavifungua Mwenyezi Mungu mwenyewe. Ndiye aliyekuwa akimwona alipokuwa akivifunga."

Bi Tima alimaliza hapo. Pale uani hakuna sindano iliyokuwa ikienda, na yeye hakuwakemea.

Maimuna akasema, bila kuinua uso, "Na gauni la Salha, bibi? Kalipata wapi?"

"Mimi sijui. Sijalipapasa."

Salha alirudi akipita vile vile kichochoroni, ndoo tupu kichwani. Safari hii Maimuna aliinuka akaenda mlangoni. "Salha! Njoo ukae kidogo, jua kali." Salha alisita, kisha akaingia, akaketi ukingoni mwa mkeka kama mtu asiye na hakika kwamba ameitwa. Maimuna akaketi kando yake, na bega lake likagusa mkono wa lile gauni. Hapo ndipo alipoona kwamba maua ya mkono wa kushoto hayakuwa sawa na ya mkono wa kulia, na kwamba kiunoni, pale lilipoungwa, palipita mshono mdogo mdogo wa mkono, ulionyooka kuliko wowote aliowahi kuushona yeye. Gauni lilikuwa limetoka katika magauni mawili makuukuu.

"Umeshona mwenyewe?" akamuuliza.

"Na mama," Salha akajibu kwa sauti ndogo. "Tangu mwezi wa Mfungo Sita."

Maimuna akamtazama Bi Tima. Bi Tima alikuwa ameibana sindano midomoni. Maimuna akalisema mwenyewe, polepole, kama anayelipitishia kidole:

"Nguo ya maskini haitazamwi, hupapaswa."